Rafu ya 297

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu, nilishika kitambaa. Sista Mkutubi, mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa mkuu wa maktaba ya wafanyakazi wa kiwanda cha madini hapa Likasi, alinifungulia mlango, akanionyesha rafu zilizopanda hadi darini, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Filomena, utapanguza vitabu vyote hivi. Ukimaliza, utaanza tena. Siku nitakapoona mkono wako umevizoea, nitakupa kadi."

Ilikuwa miaka michache baada ya mji wetu kuacha jina lake la kikoloni. Nilikuwa nimetoka shule ya masista, nimevaa viatu vya dada yangu. Nilipanguza majuma matatu. Nilidhani najua kushika kitabu, kumbe sijui. Watu wengi hukivuta kwa kichwa, pale juu ya mgongo, na hapo ndipo kinapochanika. Mkutubi husukuma kidogo vitabu viwili vya jirani, kisha hukishika cha katikati kiunoni. Mpaka leo nikiingia katika nyumba yenye vitabu, macho yangu hukimbilia vichwa vya migongo, nami najua mara moja nani huvuta.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mmoja wenu ameniomba. Nimeandika kwa Kiswahili cha shule, lakini maneno ya watu nimeyaacha yalivyotoka vinywani mwao, maana Likasi haisemi kama kitabu.

Juma la nne nikapewa kadi. Kila kitabu kilikuwa na fishi yake, yaani kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, inayobeba jina la mwandishi, jina la kitabu, namba ya rafu, na chini kabisa mistari miwili ya kueleza kinasema nini. Namba ya rafu ndiyo anwani ya kitabu. Mia mbili ni dini. Nilipokuwa nazinakili niliona kwamba Ukristo umepewa namba tele, kuanzia 220 hadi 280 na ushei, na dini nyingine zote za dunia zimebanwa katika 290. Uislamu ulikuwa na namba moja tu, 297.

"Sista," nikamwuliza, "mbona sisi tuna nyumba nzima, na hawa wamepewa chumba kimoja?"

Akavua miwani. "Aliyepanga namba alikuwa Mkristo. Kila mtu hupanga kuanzia pale alipoketi. Sisi hatutabomoa rafu, Filomena. Lakini tujue kwamba ilipangwa na mtu."

Katika 297 wakati ule palikuwa na vitabu viwili vyembamba. Rafu ilijaa mwaka wa tatu wa kazi yangu, mhandisi mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya. Alikuwa amefanya kazi Shinkolobwe kabla mgodi haujafungwa, na kabla ya hapo aliishi Afrika ya Kaskazini. Alituachia sanduku zima: vitabu vya Kifaransa kuhusu Uislamu na Wazungu, tangu vita vya misalaba, tangu waganga waliotafsiri dawa za Waarabu kwa Kilatini, mpaka ugomvi wa mafuta. Kwa haki ya kanuni vingine vingekwenda kwenye historia, lakini Sista aliamua vikae pamoja. Pamoja na vile viwili vya kwanza, vikawa arobaini na kimoja. Fishi zake zote niliziandika mimi.

Kuandika fishi hakuhitaji kusoma kitabu chote. Unasoma utangulizi, orodha ya sura, na sura ya mwisho. Basi nilivipitia hivyo, juujuu, kama mtu anayepita mtaa wa wageni akisalimia tu milangoni.

Sista aliondoka kwa uzee. Akaja Sitwayeni Mkuu, yaani Raia Mkuu, kama tulivyolazimika kuitana siku zile, mwanamume mwembamba aliyependa mihuri kuliko vitabu. Yeye ndiye aliyenituma Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme la mto Lufira, niwahudumie wafanyakazi kwa maktaba ya sanduku. Ni sanduku la mbao lenye rafu ndani. Unalifungua kama kabati, unalifunga, linapakiwa kwenye lori. Nilikaa kule miaka miwili, na mngurumo wa maji ukinifuata hata kanisani.

Kule ndiko nilikomjua Ramazani, mlinzi wa turbini, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma. Alisimama mbele ya sanduku langu muda mrefu asiguse kitu.

"Mama, mule mu sanduku yako hamuna kitabu ya dini yetu siye?"

"Dini gani, papa?"

"Islamu. Minye muntu ya Kasongo."

Lori liliporudi Likasi nikaagiza kimoja kutoka 297. Alikaa nacho mwezi, akakirudisha kimefungwa katika gazeti kama samaki.

"Ule muzungu anajua mingi," akasema. "Paka hakutuuliza hata neno moja." Paka kwetu ni "tu" au "ila".

Niliandika marejesho, nikacheka, nikasahau.

Nilirudi Likasi, nikaolewa na Mukendi, fundi wa karakana ya reli. Alizaliwa hapa kama mimi. Baba yake ndiye aliyekuja kutoka Kasai, zamani sana, akachimba hadi mapafu yakaisha. Tukapata mabinti wawili. Sitwayeni Mkuu alihamishwa, akaja Mkuu wa Huduma za Jamii, ambaye ndiye nitakayemtaja mpaka mwisho. Alitoka idara ya wafanyakazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupitisha amri mkono hadi mkono bila kuitazama.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaanza kulegea, moja baada ya jingine. Magazeti yaliacha kufika. Tanuru za kiwanda zikazimwa, nyingine kwa wiki, nyingine kabisa. Wasomaji wangu, waliokuwa wakija na mikono iliyooshwa kwa sabuni ya karakana, wakaenda kulima, kuuza, kutafuta. Nilikuwa nafungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa na nusu, na daftari la wasomaji likibaki karibu jeupe.

Kisha likaja neno la kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai. Lilitoka juu, mikutanoni na redioni, likashuka mpaka mitaani, mpaka kwenye foleni ya maji. Ninyi mlio vijana mmesikia. Mimi sitaeleza kila kitu. Nitasema tu kwamba familia zililala kituo cha treni miezi na miezi, chini ya maturubai na magunia, zikingoja mabehewa, na kwamba nilipita pale kila siku nikienda kazini.

Mukendi alivumilia hadi siku walipoandika kwa chaki kwenye mlango wetu. Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja, amelala chumba cha nyuma. Hakuwa wa kupandishwa behewa la mizigo.

"Filo, weye baki na mama," akaniambia. "Batoto banaenda na minye. Hapa batabasumbua juu ya jina yangu."

"Minye nitakuya Pasaka."

"Usiseme siku. Sema tu utakuya."

"Nitakuya."

Walikaa kituoni siku ishirini na tatu. Niliwapelekea chakula asubuhi kabla ya kufungua maktaba na alasiri baada ya kufunga. Siku ya ishirini na nne nilifika na sufuria, nikakuta lile behewa limeondoka, na mahali pao pameshakaliwa na wengine. Niliwapa wale sufuria, nikaenda kazini.

Wiki hiyo Mkuu wa Huduma alipita. Akaketi kwenye kiti cha wasomaji, akaniambia kwa upole wa kweli, "Madame, usiogope. Weye mutoto ya hapa. Kazi yako haina matatizo."

Nikasema asante. Nimesema maneno mengi maishani mwangu, na mengi ya kijinga, lakini hilo moja ndilo linalonikaa kooni.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa kweli. Mnaweza kudhani mkutubi amesoma maisha yake yote. Hapana. Mkutubi anajua kitabu kiko wapi. Nilikuwa na siku nzima bila msomaji, na nyumbani mama ambaye ulimi wake ulikuwa umekufa. Nilijaribu riwaya, watu wake walikuwa wakioana. Nilijaribu safari, walikuwa wakirudi nyumbani. Nikaenda 297 kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitarajia pale.

Nilisoma jinsi Waislamu na Wakristo walivyochinjana kwa ajili ya mji mmoja mtakatifu, na jinsi wakati huohuo wafanyabiashara wao walivyokuwa wakipimiana nguo na pilipili bandarini. Nilisoma mwandishi aliyewadharau, na aliyewapenda mno hata akawageuza malaika. Nilijifunza kuwatambua kwa harufu, kama mpishi. Yule anayeanza kila sentensi na "Mwislamu hufikiri kwamba", ukurasa wa kumi utakuta hajawahi kula na mmoja wao.

Kisha nikafika kwenye kile cha Uhispania. Nilivuta kwanza fishi yake. Mwandiko ulikuwa wangu, wa ujana, wenye mikia mirefu: "Historia ya Waislamu wa Uhispania, tangu kuingia hadi kuondoka." Nikakaa kusoma.

Sura ya mwisho ilieleza watu wa asili ya Kiislamu waliokuwa wamebatizwa vizazi kadhaa, wenye majina ya watakatifu, wanaolima mashamba ya babu zao. Wakaambiwa: ninyi si wa hapa. Wakapewa siku chache. Wakatembezwa hadi bandarini na walichoweza kubeba, na baadhi ya watoto wadogo wakazuiliwa wabaki. Na walipofika ng'ambo, Afrika, wapo waliokutana na ndugu zao wa dini wakawaita Wakristo.

Mfukoni mwangu mlikuwa na barua ya Mukendi, iliyokuja kwa mkono wa dereva baada ya miezi minane. Ilikuwa fupi. Watoto wazima. Wanalala kwa shangazi yake asiyemjua. "Usikuye kwanza, Filo. Huku banatuita Bakatanga." Bakatanga ni sisi, watu wa huku walikofukuzwa.

Niliweka kichwa mezani, juu ya kitabu kilicho wazi. Sijui nililia muda gani. Nilipoinuka nilichukua fishi, nikapitisha mstari juu ya neno "kuondoka", nikaandika "kufukuzwa". Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusahihisha kadi bila ruhusa ya mkuu.

Ndipo nilipoitazama ile penseli, ambayo nilikuwa nikiipita nikidhani ni ya mhandisi. Pembeni mwa ukurasa, kuanzia sura ya kwanza, palikuwa na mistari midogo ya herufi za Kiarabu, safi kama ushonaji. Nilifungua tena vitabu vingine vya rafu ileile. Vingi vilikuwa hivyo. Kuandika ndani ya kitabu cha maktaba ni kosa kubwa. Adhabu yake ni kufutiwa uanachama, na mkutubi hutakiwa kufuta yote kwa raba, ukurasa kwa ukurasa. Nilitazama daftari la maazimo. Kwa miaka minne, msomaji wa rafu ile alikuwa mmoja. Ramazani alikuwa amestaafu, anaishi mtaa wa Kikula na binti yake Zaina, mshonaji. Alikuwa akija kila Alhamisi, nami nampigia muhuri bila kumtazama usoni.

Alhamisi iliyofuata nikamwekea kitabu mbele.

"Papa Ramazani, ni weye unaandikanga mu bitabu?"

Hakukataa. "Njo minye."

"Unajua sheria."

"Najua. Lakini mama, ule muntu anasema juu ya nkambo yangu. Minye ninyamaze?"

Nkambo kwetu ni babu au bibi. Nilikuwa na raba mkononi. Nikamwambia, kwa sauti ya kazi, asome alichoandika kabla sijafuta. Nilidhani ni sala. Akavaa miwani yenye mkono mmoja wa uzi, akaweka kidole. Kilikuwa Kiswahili. Herufi tu ndizo zilizokuwa za Kiarabu, kama walivyofundishwa kwao.

"Hapa niliandika: Kweli. Hapa: Kweli, lakini si wote. Hapa: Huyu amesikia kwa muntu aliyesikia."

Akafungua kingine, chenye sura juu ya vita vya Wazungu na Waarabu katika nchi ya kwao, upande wa Kasongo, mtoni huko.

"Nkambo yangu mwanaume alikuwa muntu ya Baarabu. Alibebanga bunduki yabo. Nkambo yangu mwanamuke, yee alikamatwa mu mugini yake, njo akapewa huyu. Bitabu bya Bazungu binasema Bazungu balikuya kumufungula. Bitabu byetu binasema balikuya kutupora siye. Yote mbili ni kweli, mama. Lakini yee mwenyewe haiko mu kitabu hata moja."

"Na pembeni hapa uliandika nini?"

"Jina yake. Mwavita."

Nikarudisha raba kwenye mtoto wa meza.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi alinisomea pembezoni, nami nikamsomea katikati, kwa kuwa macho yake yalikuwa yakichoka na Kifaransa chake kilikuwa cha kazini. Tulibishana. Mimi nilimtetea mwandishi mmoja aliyesema kwamba watu hawa wawili, wa Mashariki na wa Magharibi, wamekuwa wakitazamana kama jirani waliogawana ukuta mmoja, kila mmoja akidhani moshi unatoka kwa mwenzake. Yeye alisema, "Haya, lakini nani alijenga ule ukuta, na siye Bantu tuko upande gani?" Hakuwahi kunitaka nisilimu, wala mimi kumtaka abatizwe. Hakuwahi kuniuliza juu ya Mukendi, nami nilimshukuru kimoyomoyo.

Likasi ni mji mdogo. Mwenyekiti wa kina mama wa parokia alinisimamisha baada ya misa.

"Ma Filo, banasema unaingia mu Islamu."

"Ninasoma tu, mama."

"Mukristu anasoma Biblia. Na bwana yako akiwa mbali, na ule muzee kila Alhamisi, bantu baseme nini?"

"Baseme bwana yangu iko mbali juu ya nani," nikamjibu.

Hakurudia. Lakini benchi langu kanisani likawa na nafasi kila upande, na mama alipofariki walikuja wachache, wakaimba nyimbo mbili.

Sasa Pasaka zilikuwa zimepita nne. Nilikuwa huru kwenda Kasai. Nauliza moyo wangu mpaka leo kwa nini sikwenda. Treni zilikuwa chache, kweli. Barua ya pili ya Mukendi ilikuwa na baridi, kweli. Niliposikia baadaye kwamba ameoa, sikushangaa. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kufika mahali nikaitwa kwa jina ambalo sisi tulikuwa tumewaita wao. Nilibaki na vitabu. Vitabu havikuuliza lini nitakuja.

Miaka mingine ikapita hivyo, kisha Mkuu wa Huduma akaleta karatasi. Jumba litapangishwa kwa kikundi cha maombi. Vitabu vya ufundi vitahamishiwa ofisi ya kiufundi kiwandani, makabati matatu, si zaidi. Vilivyobaki vipaliliwe. Kupalilia ni neno la kazi yetu: kuondoa rafuni vitabu vilivyochakaa au visivyosomwa, kimoja kimoja, kwa kufikiri, kama mkulima anavyotofautisha mche na gugu. Yeye alimaanisha vyote.

"Bitaenda wapi, Mkuu?"

"Sokoni Kikula, banapenda karatasi ya kufungia karanga. Na wale ba maombi banasema bile bitabu bya Baislamu bitoke kwanza, mbele ya yote. Hawawezi kuomba navyo." Akaweka kalamu mezani. "Madame, sahihi yako tu."

Nilimwomba siku kumi. Akanipa saba.

Siku zile saba nilifanya kosa kubwa kuliko yote ambayo mkutubi anaweza kufanya, nikalifanya kwa mwandiko mzuri. Nilibandua lebo za migongo ya 297 kwa kitambaa chenye mvuke, nikaandika mpya: 621.31. Ni namba ya uzalishaji wa umeme. Vita vya misalaba vikawa turbini. Waganga wa Baghdad wakawa nyaya. Nikaandika na fishi mpya zinazolingana na uongo huo, nikavipanga vitabu katikati ya vile halisi vya umeme, nikavifunga kwa kamba.

Makabati yalikuwa matatu, si zaidi. Kila kitabu nilichokiingiza kilikitoa kingine. Vitabu arobaini vya kweli vya ufundi, vya mabomba, vya useremala, vya kushona, nilivipigia muhuri wa kuondolewa. Kimojawapo alikuwa akikiazima kila mwaka fundi mmoja wa mbao, akijifunza ngazi za mzunguko. Alinikuta sokoni miezi baadaye, karanga mkononi, akaifungua ile karatasi, akanionyesha mchoro wa ngazi.

Mkuu wa Huduma alihesabu makabati, si vitabu. Akatia sahihi. Lori likaja. Nami nikapewa likizo ya kiufundi, yaani nilikuwa mfanyakazi bila kazi, nikingoja kuitwa na mtu ambaye naye alikuwa akingoja kuitwa.

Alhamisi nikaenda Kikula kumweleza Ramazani. Zaina alitupa viti nje ya chumba chake cha kushonea. Nilisimulia kwa fahari, nadhani. Alicheka nilipofika kwenye turbini, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta macho.

"Mama, ile ofisi, mufunguo iko na nani?"

"Na mukubwa ya ofisi."

"Weye utaingia?"

"Hapana. Banaingia paka bahandisi."

"Na muntu akitafuta kitabu ya Islamu, ataambiwa nini?"

Nilikuwa nimevificha vizuri kiasi kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuvitafuta ambaye angeweza kuvipata, na aliyeweza kuvipata hakuwa akivitafuta. Kwa mkutubi, kitabu chenye namba isiyo yake kimepotea, hata kama kipo mbele ya macho.

Ramazani aliona uso wangu. Akaweka mkono juu ya meza, karibu na wangu, bila kuugusa. "Haikuungua," akasema. "Haikufunga karanga. Ile tu ni kitu."

Alifariki msimu wa mvua uliofuata, kwa kifua. Wanawake hawakwenda makaburini, nilikaa na Zaina nyumbani. Siku ya arobaini aliniita, akafungua sanduku la vitambaa.

"Papa alisema hii ni ya biblio. Alisema anaiba, lakini anaiba kidogo." Biblio ni maktaba.

Kilikuwa kile cha Uhispania. Cha arobaini na moja. Siku ya kupakia nilikuwa nimekikosa, nami kwenye daftari nikaandika tu: kwa msomaji.

Nilikifungua. Penseli ilikuwa imefika mpaka ukurasa wa mwisho. Tulikuwa tumesoma pamoja nusu tu. Zaina, aliyefundishwa herufi na baba yake, akasema, "Lete, mama, nitakusomea yote leo. Si mingi."

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nikamwomba anifundishe.

Alinishangaa. Kisha akatandaza kitambaa cheusi cha suruali, akachukua chaki ya kushonea, akachora alif. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Nilikwenda kwake Alhamisi baada ya Alhamisi, mpaka barua yangu ya kustaafu ilipokuja, na baada yake pia. Vidole vyangu, vilivyoandika maelfu ya fishi kutoka kushoto kwenda kulia, vilikataa kugeuka. Zaina alikuwa akifuta kwa kiganja, anachora tena, mashine yake ikingoja.

Mnaniuliza niwaachie nini ninyi wa kazi hii. Msiruhusu watu waandike ndani ya vitabu. Nasema hivyo kwa dhati. Kanuni ni njema na karatasi ni chache. Lakini kabla hamjachukua raba, someni kilichoandikwa. Na fishi zenu ziandikeni polepole. Neno moja la uvivu chini ya kadi laweza kukaa miaka ishirini likimdanganya kila anayevuta mtoto wa meza.

Mabinti zangu wako Kasai, wana watoto. Wananipigia simu Krismasi. Kiswahili chao kimeingia kutu, Kiluba changu cha kule hakikuwahi kuwa na makali, kwa hiyo tunaulizana afya mara tatu, tunacheka, tunaagana. Baba yao amezikwa huko. Makabati matatu nimesikia yapo bado, nimesikia yameuzwa. Sijapewa ruhusa ya kuangalia.

Asubuhi huketi dirishani na kitabu cha Uhispania. Sasa nasoma pembezoni bila msaada, ingawa taratibu, nikitamka kwa midomo kama mtoto. Mwezi uliopita nilifika sura ya mwisho. Pale ambapo wanatembezwa hadi bandarini, karatasi imejikunja kidogo, kama karatasi iliyowahi kulowa. Ramazani ameandika chini yake maneno matano, nami yalinichukua siku mbili, kwa sababu sikuamini nilichokuwa nikitamka:

"Mama alilia hapa. Sikumuuliza kitu."

Zimebaki kurasa sita. Siku nyingine nasoma mstari mmoja, siku nyingine nusu. Zaina anauliza kwa nini sasa ninakwenda polepole kuliko nilipokuwa sijui herufi. Namwambia ni macho.